Kilo 50 zilizopotelea kwenye tivi ya Katibu: kisa cha Tandahimba

Hiki kisa kimetokea msimu wa korosho, mwezi wa 11, huko Tandahimba, na nakiandika chote kilivyokuwa maana kila mara napigiwa simu na mtu kachomeka tivi kwenye kompyuta ananiambia fundi haisomeki, na jibu analopewa na watu wengi ni "tivi sio monita, kanunue monita", basi, mazungumzo yameishia hapo. Hilo jibu ni nusu. Tivi inafanya kazi ya monita vizuri tu, ila yenyewe imetengenezwa ikijua kila kinachoingia ni mpira au tamthilia, kwahiyo inaanza kukirekebisha bila kukuuliza, na ukiiacha ifanye hivyo kwenye kazi ya namba kuna mtu ataumia. Hapa nusura aumie bibi mmoja mkulima ambaye hata hiyo tivi hajawahi kuiona.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni karani wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, vijijini huko. Mnaoujua msimu mnajua karani anavyokuwa mwezi huo, mkulima analeta mzigo, unapimwa, kilo zinaandikwa kwenye daftari na anapewa stakabadhi, mzigo unaenda ghala kuu, mnada unapigwa, halafu hela inarudi kwa mkulima kwenye akaunti yake ya benki makato yakishatoka. Katikati ya huo mlolongo wote kuna kijana mmoja na kompyuta moja na faili moja la Excel lenye majina mia kadhaa. Akikosea yeye, mkulima anakuja kujua siku ameenda kuangalia salio, na hapo ndo ugomvi unaanza na watu wanaitana wezi.

Jumatano usiku umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi kwa nguvu, monita ikafa. CPU ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye UPS (lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika), monita ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja maana UPS ilikuwa na tundu za kutosha lakini waya wa monita ulikuwa mfupi haufiki. Yaani kitu kidogo hivyo. Pale karibu monita haikupatikana, ya kuagiza Dar ni siku mbili tatu mpaka ifike kwa basi, na orodha ya malipo ilitakiwa iwe benki Jumatatu. Katibu wa hiyo AMCOS, mzee mwenye moyo sana, akasema chukueni tivi yangu nyumbani, inchi 32, wanangu watavumilia. Kijana akanunua waya unaotoka DisplayPort kwenda HDMI (hizi CPU za ofisini zilizotumika nyingi zina tundu za picha za VGA na DisplayPort tu nyuma, HDMI hamna), akachomeka, picha ikaja, wote wakashukuru Mungu, kazi ikaendelea Alhamisi na Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nikiwa Mtwara mjini simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa, vipi huko?"

"Huku sio kuzuri mjomba. Macho yananiuma mpaka kichwa, na kuna fomu Katibu anasema kilo sio zile za kwenye daftari. Mi naona sawa kabisa kwenye tivi, sijui nimerogwa."

Hiyo sentensi ya "mi naona sawa kabisa kwenye tivi" ndo iliyonifanya nipande gari siku hiyohiyo, nikapitia Nanyamba, saa nane mchana nipo ofisini kwao. Macho kuuma ningeweza kumwelekeza kwa simu. Lakini mtu akisema anachokiona ni sawa na karatasi inasema sio, hapo lazima ukae kwenye kiti chake uone anachoona yeye.

Nikakaa. Tivi ilikuwa juu ya meza ileile ya zamani, sentimita kama 60 kutoka usoni, mwanga umewekwa mpaka mwisho, kontrasti 100, ukali wa picha 100 (alidhani kuongeza ukali kutasafisha herufi, na kila mtu anadhani hivyo), na modi ya picha ni ile ya dukani ya kung'arisha rangi. Kila herufi nyeusi ilikuwa na kivuli cheupe pembeni na nje ya hicho kivuli kuna kingine cha kijivu. Mausi ukiisogeza mshale unakuja nyuma yake kama unavutwa kwa kamba. Na nilipotaka kuangalia saa kona ya chini kulia, saa haipo. Mwambaa wote wa chini wa Windows umebaki kamstari kembamba, alama ya X ya kufungia juu imebaki ncha tu, na kwenye Excel namba za mistari upande wa kushoto, zile 1, 2, 3 mpaka 400 na kitu, hamna kabisa.

Nikamuuliza, hizi namba za pembeni zimeenda wapi? Akasema tivi ndo ilivyo mjomba, inakata kidogo.

Hapo nikajua tuna mambo zaidi ya moja na kila moja lina chanzo chake, kwahiyo nikakataa kugusa rimoti kwanza. Fundi ukianza kubonyezabonyeza unapata nafuu lakini hujui nafuu imetoka wapi. Nikafungua Paint nikatengeneza picha ya pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, ndo ukubwa kompyuta ilikuwa inatuma, nikachora fremu nyembamba ukingoni kabisa, nyingine pikseli 10 ndani, nyingine 20, 30, 40, 50, kila moja na rangi yake na namba yake, nikaifungua ijae skrini nzima. Juu na chini fremu ya kwanza kuonekana ilikuwa ya 30. Kushoto na kulia ilikuwa ya 50. Maana yake tivi inameza kama asilimia mbili na nusu kila upande, pikseli 27 hivi juu na chini na 48 pembeni, halafu kilichobaki inakivuta kijaze kioo. Sasa mwambaa wa Windows 10 una urefu wa pikseli 40, ukitoa 27 unabaki na 13, na safu ya namba za mistari kwenye Excel upana wake haufiki hata 48, ndo maana ilikuwa imeliwa yote.

Watu wanauliza kwa nini tivi ifanye hivyo, ni ubovu? Sio ubovu, ni desturi ya zamani. Enzi za tivi za chogo picha ilikuwa inachorwa kubwa kuliko kioo kwa makusudi, kwa sababu ukingo wa picha ulikuwa hautulii, unacheza umeme ukipanda na kushuka, kwahiyo ilikuwa bora ukingo ujifiche nyuma ya fremu mtazamaji asiuone. Chukulia kanga, kuna mji na kuna pindo, mtu aliyeikunja pindo lote kwa ndani amekuonyesha mji tu. Kwenye muvi hamna shida maana pindoni hamna kitu. Ila kompyuta inaweka vitu vyake vya muhimu palepale pindoni, saa, kitufe cha kufunga, namba za mistari. Tivi za kioo bapa hazina sababu tena ya kukunja pindo lakini nyingi zinaendelea kukunja mpaka uziambie.

Dawa yake ni dakika moja. Kwenye menyu ya picha, sehemu ya ukubwa wa picha, toa 16:9 au Auto, tafuta neno linalomaanisha usikate: kuna tivi zinaandika Just Scan, nyingine Screen Fit, Full Pixel, Dot by Dot, 1:1. Ya Katibu ilikuwa na Just Scan. Nikabonyeza, fremu ya ukingoni kabisa ikatokea pande zote nne, namba za mistari zikarudi. Kijana akashika kichwa. Kumbe siku mbili amefanya kazi hajui yupo mstari wa ngapi.

La pili. Lile faili tulilitengeneza pamoja mwaka juzi na niliweka kivuli chepesi mstari mmoja ndiyo mmoja hapana, kijivu hafifu sana, ili jicho likitoka kwenye jina likienda kwenye kilo lisihamie kwa jirani. Kwenye tivi hicho kivuli hakikuwepo, mistari yote nyeupe pe. Hapa kuna maelezo kidogo mnivumilie. Kompyuta inahesabu mwanga kuanzia 0 mpaka 255, nyeusi ni 0 nyeupe ni 255. Mambo ya tivi na video yanahesabu 16 mpaka 235, yaani ikifika 235 tayari ni nyeupe kamili. Kile kijivu changu kwenye Excel ni 242. Sasa kompyuta ikituma kwa hesabu yake na tivi ikapokea kwa hesabu ya muvi, kila kitu juu ya 235 kinageuka nyeupe, 242 imeshapotea, na kontrasti ikiwa 100 ndo unamalizia kabisa hata kama hesabu zingekubaliana. Nikashusha kontrasti, nikaingia kwenye programu ya kadi ya picha ya Intel nikafanya hizo hesabu mbili zilingane, kivuli kikarudi.

Unganisha hayo mawili: hana namba za mistari, hana kivuli, majina yanafanana (mnajua huku kwetu ukisema Mohamedi kuna Mohamedi kumi), na anasoma kilo kwenye skrini anaziandika kwenye fomu ya malipo kwa mkono. Kuhama mstari ni swala la muda tu.

Lakini kuhama mstari hakukueleza fomu ambayo Katibu aliishika. Ile ilikuwa ya bibi mmoja, mjane. Daftari linasema 386, Excel inasema 386, nimebonyeza kabisa kisanduku nikasoma juu kwenye mwambaa wa fomula, ni 386. Fomu ikaandikwa 336. Nikamwambia mpwa simama, nikakaa mimi, nikairudisha tivi kwenye mipangilio yake ileile ya mwanzo, nikaangalia kile kisanduku kwa umbali aliokuwa anakaa. Jamani, ile 8 ilikuwa 3. Sio inafanana na 3, ni 3. Upande wa kushoto wa 8 ulikuwa umekuwa kijivu hafifu ukazama kwenye kile kivuli cheupe cha ukali wa picha, umebaki upande wa kulia. Ningeapa mahakamani ni 336. Mpwa wangu hakuwa mzembe, alisoma alichoonyeshwa.

Hapa ndo penye kiini cha kisa chote. Nyuma ya tivi kuna stika, na kwenye karatasi za ndani ya boksi, Katibu alikuwa amezitunza Mungu ambariki, imeandikwa kioo ni pikseli 1366 kwa 768. Boksi lenyewe nje linajisifia 1080. Maneno yote mawili ni kweli ila yanasema vitu tofauti: tivi inapokea mawimbi ya 1080, inayapunguza yenyewe yaingie kwenye kioo cha 768. Tivi nyingi za inchi 32 zinazouzwa kama HD Ready ziko hivi, na ukichomeka HDMI tivi inajitambulisha kwa kompyuta kwamba napokea 1920 kwa 1080, kompyuta inaamini, inatuma hiyo, inakuandikia kabisa "inapendekezwa".

Sasa piga hesabu, mistari 1080 iingie kwenye 768, kila mstari wa kioo unabebeshwa mmoja na kama sehemu nne za kumi za mwingine, haigawanyiki sawa. Mguu wa herufi wenye unene wa pikseli moja unaangukia katikati ya pikseli mbili za kioo, zote mbili zinapewa kijivu kijivu. Mguu wa jirani kwa bahati unaangukia sawasawa, unakuwa mweusi. Ndo maana 8 inakuwa na upande mzima na upande mgonjwa, na ndo maana kwenye skrini hiyohiyo kuna 8 nyingine inaonekana vizuri, inategemea imeangukia wapi. Ukiongezea ukali wa picha 100 tivi inatafuta palipo na weusi inazidisha, palipo hafifu inafuta. Kwa muvi huwezi kugundua maisha yako yote maana uso wa mtu hauna mguu wa pikseli moja.

Kulikuwa na jambo lingine dogo la rangi, makato aliyaandika kwa nyekundu na zile namba nyekundu zilikuwa zimevujavuja kuliko nyeusi. Video inapunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga ili kuokoa nafasi, pikseli mbili au nne zinagawana rangi moja, jicho halijali kwenye picha ila kwenye maandishi ya rangi linaona. Tivi nyingi zinaacha kufanya hivyo ukizibadilishia jina la ingizo, kile HDMI 1 unakiita PC kwenye orodha ya majina. Watu wanadhani lile jina ni urembo wa kusoma tu, kwenye tivi nyingi linabadilisha namna picha inavyochakatwa ndani. Nilipobadilisha na mausi nayo ikachangamka kwa sababu zile hatua za kulainisha na kuondoa chenga zilizimwa, na hizo ndo zilikuwa zinachelewesha mshale.

Kwahiyo hadi hapo: haikati, kivuli kipo, ukali nimeshusha mpaka vile vivuli vya pembeni ya herufi vikaisha (kwenye tivi hii ilikuwa 0, nyingine namba yake ni tofauti, shusha huku unaangalia herufi sio namba), mausi ni nyepesi. Nafuu kubwa. Ila 8 bado zilikuwa na upande mgonjwa, maana 1080 kuingia kwenye 768 hakuna menyu itakayoitibu. Nikajaribu kutuma 1280 kwa 720, ikawa hivyohivyo kwa upande mwingine, sasa ni kuvutwa badala ya kubanwa. HDMI ikawa imegoma kunipa 1366.

Nikaangalia nyuma ya tivi tena, kuna tundu la VGA limeandikwa PC IN, na waya wa VGA wa ile monita iliyokufa ulikuwa bado unaning'inia kwenye CPU. Nikauchomeka. Kompyuta ikatoa orodha yenye 1360 kwa 768. Sio 1366, kwa sababu hizo saizi za VGA zinahesabiwa kwa vifungu vya nane na 1366 haigawanyiki kwa nane, kwahiyo unapoteza pikseli tatu kila upande na unapata kamstari keusi kembamba kulia na kushoto. Nikabonyeza Auto Adjust kwenye menyu ya tivi, picha ikahama kidogo ikatulia, nikaendesha ile programu ya Windows ya kunyoosha herufi, ClearType, nikafungua kisanduku cha bibi.

386. Nyeusi, imekatika safi, pande zote mbili za 8 ziko sawa. Pikseli moja ya kompyuta imekaa juu ya pikseli moja ya kioo, hakuna anayegawana na mwenzie. Katibu alikuwa amesimama nyuma yetu akasema "sasa hiyo hata mimi bila miwani". Waya wa shilingi chache wa zamani umefanya kitu ambacho waya mpya wa DisplayPort kwenda HDMI haukuweza, na mtu angeniambia kabla ya kuona ningebisha, siku zote nawaambia watu HDMI ni bora, na ni bora kweli, pale kioo chenyewe kinapokuwa 1920 kwa 1080.

Kuna bei ya kulipa. Kwa 768 mistari ya Excel inayoonekana kwa mpigo ni ishirini na kitu tu, tukaficha utepe wa juu kwa Ctrl na F1 tukapata michache zaidi, na tukagandisha mstari wa vichwa na safu ya majina ili akisogea asipoteze jina.

Na umbali. Hili watu wanalipuuza wakati ndo lililomuua macho. Tivi ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa upana, kila pikseli ni kama nusu milimita. Monita ya kawaida ya inchi 22 yenye 1920 kila pikseli ni robo milimita. Jicho zima linaacha kutenganisha nukta pale pembe yake inapofika kama moja ya sitini ya digrii, ukipiga hesabu monita hiyo inakuwa laini ukikaa kama sentimita 90, tivi hii mpaka mita 1.8. Yeye alikaa sentimita 60, kwahiyo alikuwa anatazama vigae, halafu mwanga wa tivi wa kuangalia ukiwa upande wa pili wa sebule unampiga usoni siku nzima. Tukaisogeza tivi mpaka meza ya ukutani, yeye akabaki kwenye meza yake na kibodi, kati kati ikawa mita moja na robo hivi, waya ndo ulipofikia. Mwanga nikaushusha chini ya nusu, nikaweka karatasi nyeupe pembeni ya kioo nikapunguza mpaka weupe wa Excel na weupe wa karatasi ukakaribiana. Dirisha lilikuwa mgongoni mwake linaakisi kwenye kioo, tukatundika kanga.

Jioni ile tivi ikajizima yenyewe katikati ya kazi, kumbe ina kujizima ikiona rimoti haijaguswa masaa manne, ukifanya kazi kwa kibodi tivi inadhani umelala. Ukizima hiyo kwenye menyu imeisha. Nikachomeka na tivi kwenye UPS kwa ekstensheni, tivi ya LED ya inchi 32 haili umeme mwingi, UPS ndogo ya ofisi inaibeba.

Kazi ngumu ilikuwa Jumapili, na haikuwa ya ufundi. Fomu zote zilizoandikwa Alhamisi na Ijumaa zilirudiwa. Katibu anasoma daftari kwa sauti, jina, namba ya mwanachama, kilo, mpwa anafuata kwenye fomu, mimi nafuata kwenye tivi, tukitofautiana tunasimama. Tulianza baada ya chai mpaka adhuhuri, tukaswali, tukarudi mpaka karibu magharibi. Zilipatikana nne za tarakimu, zote ni 8 iliyosomwa 3 au 6, na moja ya kuhama mstari ambapo Mohamedi wa juu alipewa kilo za Mohamedi wa chini na wa chini akapewa za juu. Ya bibi ndo ilikuwa kubwa kuliko zote, kilo 50. Chukulia bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, hiyo ni 150,000, na kwa mjane anayetegemea mikorosho yake hiyo ni hela ya shamba ya msimu ujao, ni sare za shule za wajukuu.

Kilichonigusa ni kwamba mpwa wangu kila tukifika kwenye kosa alikuwa anasema "nisamehe Katibu" na Katibu anamjibu "endelea mwanangu, tupo kwenye daftari". Daftari la mkono ndo lililotuokoa, kama wangekuwa wameacha kuandika kwa sababu kompyuta ipo, tusingekuwa na cha kulinganishia, na Katibu asingekuwa na macho ya kushika ile fomu ya kwanza.

Mtu ataniuliza basi ninunue tivi gani kama nataka ya kufanyia kazi. Kwa namba na maandishi, inchi 32 ya 768 iwe ya dharura kama hivi. Inchi 32 yenye kioo cha 1920 kwa 1080 kweli, soma stika sio boksi, hiyo inafaa ukikaa mbali kidogo. Inchi 43 ya 1080 usiichukue kwa mezani, pikseli zake ni kubwa karibu sawa na hizi za Katibu. Inchi 43 ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) ndo tamu, pikseli zake zimebanana karibu sawa na hiyo monita ya inchi 22, ila hakikisha CPU yako inaweza kuipelekea picha mara 60 kwa sekunde, HDMI 2.0 inafanya hivyo, HDMI 1.4 inaishia 30 na mausi utaiona inakokota. Na kurusha picha bila waya kwa ajili ya Excel usijaribu, picha inabanwa kabla ya kurushwa na unarudi kulekule kwenye 8 na 3.

Jumatatu asubuhi mpwa alipeleka orodha benki. Mimi niliondoka na gari ya saa moja. Monita ilifika kwa basi wiki iliyofuata, inchi 22, waya wake tumenunua mrefu unafika kwenye UPS, tivi ikarudi nyumbani kwa Katibu. Nilimwelekeza kijana kwa simu arudishe ile HDMI 1 kwenye jina lake la mwanzo na mwanga aupandishe, wakachomeka dekoda yao. Usiku Katibu akanipigia, nikadhani kuna kitu kimeharibika. Akasema hapana fundi, tunaangalia mpira hapa, zile namba za magoli za pembeni siku zote zilikuwa zimekatwa nusu, leo zinaonekana zote, hii Just Scan kijana aiache hivihivi au airudishe?

Nikamwambia aiache.